Mtoto Mnene na Nyumba Inayomlea

Hakuna mama wa pwani yetu aliyelelewa katika hofu ya mtoto mnene. Hofu iliyomkaa moyoni tangu siku ya kwanza aliyompakata mwanawe ni hofu ya wembamba: mtoto asiyenyonya, mtoto aliyeharisha akakonda, mtoto ambaye mstari wake katika kadi ya kliniki unateremka mwezi kwa mwezi hata muuguzi akakunja uso. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana utapiamlo umezika watoto wengi katika nchi hizi, na hata mwaka 2022, uchunguzi wa taifa wa afya ulipofanywa Tanzania, asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa. Ndiyo sababu mashavu yaliyojaa na mikono yenye mikunjo vimekuwa kwa vizazi vingi ushahidi wa malezi mema, na mgeni aingiapo nyumbani humsifu mama kwa kumtazama mwana: mashallah, amenawiri, hamumnyimi kitu. Lakini mtoto yule yule, akishatimiza miaka kumi au kumi na miwili, husikia kwa ndimi zile zile zilizomsifu kwamba yeye ni bonge, kwamba yeye ni tipwatipwa, kwamba apunguze kula; wala hapana mtu anayemweleza ni siku gani hasa sifa yake iligeuka kuwa aibu.

Swali la namna mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto au kijana aliyezidi uzito haliwezi kujibiwa kwa insafu pasipo kuukiri kwanza mgeuko huo, kwa kuwa mengi yanayofanywa kwa jina la msaada ni hukumu iliyovishwa joho la huruma. Rai nitakayoitetea hapa ni kwamba mtoto hasaidiwi kwa kutengwa na wenziwe mezani, kuwekewa chakula chake peke yake na kusimamiwa kila tonge. Husaidiwa pale nyumba nzima, wanene na wembamba, wakubwa na wadogo, inapobadili mwenendo wake bila yeye kutajwa kuwa ndiye sababu ya mabadiliko. Rai hiyo ina ushahidi wa kitabibu, na ushahidi huo nitauleta mahali pake. Lakini ina pia sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi, nayo ni kwamba mtoto wa kwetu halishwi na wazazi wawili tu, bali na bibi, shangazi, mama mdogo, jirani, dada wa kazi na muuza chipsi wa njia panda, na kumdai yeye peke yake awashinde wote hao ni kumdai asichokiweza mtu mzima.

Kwanza tuutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa wamefikia kiribatumbo. Mwaka 1990 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 ya rika hilo, na miaka 32 baadaye wakawa asilimia 20. Mtu aweza kudhani kwamba hesabu hizo ni za mataifa tajiri, sisi hazituhusu, na akashika mkononi takwimu za Tanzania zinazoonesha kwamba walio chini ya miaka mitano wenye uzito uliozidi ni asilimia 4 tu. Lakini takwimu hiyo huishia pale pale kadi ya kliniki inapokunjwa na kutiwa sandukuni. Tangu hapo mtoto hapimwi tena kwa utaratibu, na tunapokuja kukutana naye mara nyingine katika hesabu za taifa, huwa amekwisha kuwa mtu mzima, nasi tunakuta kwamba zaidi ya thuluthi moja ya wanawake wa Tanzania walio katika umri wa kuzaa, na zaidi ya wanne katika kila kumi nchini Kenya, wamezidi uzito unaofaa. Baina ya kadi ile na utu uzima ule imepita miaka ya shule, na ndani ya miaka hiyo limetendeka jambo ambalo hakuna aliyelitazama.

Kwa hiyo jukumu la kutazama humwangukia mzazi, naye hana budi kujua kwamba jicho lake si mizani. Wazazi wengi wa watoto wanene humwona mwana wao kuwa wa wastani, hasa ikiwa nao wenyewe ni wanene au ikiwa watoto wa jirani wako vivyo hivyo. Na kinyume chake, wapo wanaomfadhaikia binti wa miaka kumi na moja aliyeongezeka nyonga na mapaja, ilhali mwili wake unatenda lililo la desturi yake mbele ya balehe, kwani wasichana hujikusanyia mafuta kwa ajili ya ukuaji unaokuja, na wavulana kadhaa hunenepa kidogo kabla ya kurefuka ghafla. Kipimo kinachotumiwa na matabibu ni uzito kwa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, lakini kwa mtoto jibu lake halisomwi kwa tarakimu moja kama lisomwavyo kwa mtu mzima. Hulinganishwa na watoto wa umri wake na jinsia yake katika majedwali ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 2007 kwa walio kati ya miaka 5 na 19. Kituo chochote cha afya chenye mizani na ubao wa urefu chaweza kuifanya kazi hiyo, na mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Mizani ya kupandwa kila asubuhi nyumbani, mbele ya ndugu, haina faida yoyote niijuayo.

Ipo dalili moja ambayo ningependa kila mzazi aijue, kwa kuwa katika nyumba zetu huleta dhuluma ndogo isiyokusudiwa. Mtoto aliyezidi uzito aweza kuota weusi mzito, laini kwa kugusa, nyuma ya shingo na katika makwapa, na mama, akidhani ni uchafu, humsugua kwa dodoki na sabuni hata ngozi ikawasha, huku akimlaumu kwa kutojua kuoga. Weusi ule si uchafu wala hautoki kwa kusuguliwa. Aghalabu ni ishara kwamba mwili umeanza kuitikia kwa shida ile homoni ya insulini inayotawala sukari ya damu, na mwenye ishara hiyo anastahili kupelekwa akapimwe sukari. Kadhalika apelekwe kwa tabibu mtoto anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, anayechechemea au kulalamikia nyonga na goti, anayekunywa maji na kukojoa kupita kiasi, na yule aliyenenepa huku urefu wake umesimama, kwa maana huyo wa mwisho aweza kuwa na maradhi ya homoni; na ikiwa mtoto anatumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, kwa ajili ya figo au pumu, mzazi aulize kama ndizo zinazomnenepesha, bali asizikatishe kwa hiari yake mwenyewe.

Tukitoka hapo twaingia katika swali linalowatesa wazazi kuliko yote: kosa ni la nani? Mwaka 1986 tabibu wa Marekani Albert Stunkard na wenziwe walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa tangu utoto na wazazi wasiowazaa, wakakuta kwamba unene na wembamba wa watu hao ulifuata ule wa wazazi waliowazaa, wala haukuonesha uhusiano na ule wa waliowalea. Maumbile, basi, yana fungu kubwa, na ndugu wawili walao sinia moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe, si lazima mmoja wao awe mlafi. Fauka ya hayo, yako mambo yaliyotangulia kuzaliwa kwenyewe: wanaume waliotungwa mimba Uholanzi katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mama zao walipokosa chakula katika nusu ya kwanza ya mimba, walipofikia umri wa miaka 19 walionekana kuwa na unene uliopitiliza zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi huo una maana nzito kwetu, kwani hapa si ajabu kuwakuta mama aliyekosa lishe katika mimba na kijana aliyenenepa mjini wakiwa ni mama na mwanawe, na wala njaa ya mmoja na unene wa mwingine si visa viwili mbalimbali.

Hata hivyo, damu ya wanadamu haikubadilika kati ya 1990 na 2022. Kilichobadilika ni siku ya mtoto. Mtazame mtoto wa Dar es Salaam anayeamshwa alfajiri na mapema kuwahi basi la shule, akanywa chai yenye sukari nyingi kwa maandazi, akapewa shilingi za kula shuleni, na pale mlangoni pa shule akakuta kachori, chipsi, barafu za rangi na soda; akatoka darasani akaingia tuisheni, akatoka tuisheni akaenda chuoni, akarudi nyumbani Magharibi imekwisha ingia, akakuta mazoezi ya nyumbani na televisheni, na baba amerudi na kifurushi cha chipsi mayai kwa kuwafurahisha watoto. Mwenziwe wa Mombasa amepita kwa viazi karai, na wa Unguja kwa bakuli la urojo. Kiwanja walichochezea wazazi wao kombolela, rede na chandimu kimejengwa fremu za maduka au kimekuwa maegesho, na barabara ina bodaboda nyingi mno hata mzazi asithubutu kumwachia mwana kutembea. Hakuna hata saa moja katika siku hiyo ambayo mtoto huyo aliichagua mwenyewe.

Sioni sababu ya kuvitia hatiani vyakula vyetu vya asili. Mbaazi, kunde, choroko, dagaa, samaki wa kuchoma, mchicha, kisamvu na matembele ni chakula ambacho tabibu yeyote wa lishe angekisifu, na tui la nazi katika mboga si adui aliyevamia nyumba hizi juzi. Vilivyo vigeni ni viwili: vinywaji vitamu vya kila siku, na vya kukaangwa vya kununuliwa njiani kila siku. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina sukari ya gramu 50 na zaidi, na gramu 50 ndicho kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2015 kwa mtu mzima wa wastani kwa siku nzima, vyakula vyake vyote vikihesabiwa, huku likitamani kiwe nusu yake. Naye mtoto kikomo chake ni kidogo zaidi. Tumbo, tena, haliihesabu sukari ya kunywa kama lihesabuvyo chakula cha kutafuna, hivyo mtoto aliyemaliza chupa ile hukaa kula akiwa na njaa yake karibu yote. Kama nyumba itaweza jambo moja tu katika haya yote, basi na liwe hili, kwamba kinywaji cha mezani ni maji, cha kila mtu, na soda ikawa ya sikukuu na harusi. Juisi ya ukwaju au ya embe iliyotiwa sukari nayo ihesabiwe pamoja na soda, hata kama imekamuliwa jikoni mwetu.

Sasa nifikie pale ambapo nia njema huharibu. Mzazi aliyeshituka hukimbilia kukataza: hufungia biskuti kabatini, hupunguza sahani ya mtoto mmoja mbele ya wengine, humpigia kelele anyooshapo mkono mara ya pili. Mwaka 1999, Jennifer Fisher na Leann Birch wa Marekani walionesha lifanyikalo katika moyo wa mtoto anayetendewa hivyo: waliwapa watoto wadogo vitafunio vya aina mbili, kimoja wakakiachia, kingine wakakiweka mbele ya macho yao bali wakawazuia kukigusa ila kwa muda mfupi, na kile kilichozuiliwa ndicho watoto walichokizungumza, walichokiomba na walichokichukua kwa wingi kilipofunguliwa. Nyumbani matokeo yake ni mtoto anayekula kwa siri, usiku, jikoni kwenye giza, haraka haraka, na kuficha karatasi chini ya godoro. Kisha huitwa mwizi. Tabia ile ambayo wazazi wanaishuhudia na kuiita ulafi mara nyingi wameiumba wao.

Maneno ya kebehi ni mabaya zaidi, na hapa ushahidi hauna shaka. Katika uchunguzi mrefu ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota na Dianne Neumark-Sztainer, ambamo vijana walifuatiliwa tangu ujana hadi utu uzima, ilionekana miaka 15 baadaye kwamba wasichana waliokejeliwa kwa uzito wao na jamaa zao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kiribatumbo ukubwani, na pia ya kula kwa ajili ya kutuliza huzuni. Aibu haimkondeshi mtu. Humfanya ajifiche, aache michezo, aache kuogelea, ale peke yake. Najua kwamba katika nyumba zetu jina la utani huonwa kuwa ni dalili ya mapenzi, na shangazi amwitaye binti bonge huapa kwamba anacheka naye. Lakini binti wa miaka kumi na mitatu asiyejibu utani huo hakuukubali, ameshindwa tu kumjibu mkubwa kwa sababu tumemfundisha adabu. Mzazi ndiye mwenye cheo cha kusema badala yake, na asema kwa upole lakini bila kuyumba, faraghani: Shangazi, nakuomba, jina hilo tusilitumie tena, linamuumiza mtoto. Mtoto akijua kwamba mama yake alilisema neno hilo kwa shangazi, amepata msaada ambao hakuna orodha ya vyakula iwezayo kuutoa.

Wala asidhani mtu kwamba desturi ya kusifu miili mikubwa inatukinga na maradhi ya kujinyima. Visiwa vya Fiji vilikuwa na desturi hiyo hiyo, mwili ulionona ukiwa alama ya kutunzwa na jamaa, mpaka televisheni ilipofika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowahoji wasichana wa shule wakati huo hakumpata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue, na aliporudi kuuliza mwaka 1998 wakawa zaidi ya mmoja katika kumi. Leo televisheni ile imeingia mfukoni mwa kila kijana, nayo humletea saa zote viuno vilivyonyooshwa kwa hila, chai za kusafisha tumbo na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa na watu wasio na elimu ya dawa. Binti akianza kukimbilia msalani kila baada ya chakula, kuruka mlo kwa visingizio, au kufunga nje ya mwezi wa Ramadhani kwa bidii isiyo ya kawaida, huo si ushindi wa kupongezwa hata kama uzito umeshuka. Ni jambo la kumpeleka kwa tabibu upesi.

Ikiwa kukataza kunadhuru na kukejeli kunadhuru, je, mzazi anyamaze? La. Hapa ndipo wajibu wake unapopata umbo. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani aliyeandika tangu miaka ya 1980, aligawa mamlaka ya mezani kwa namna ambayo naiona ni ya haki: mzazi huamua kinacholiwa, saa inayoliwa na mahali panapoliwa, mtoto huamua kama atakula na kiasi atakachokula. Mgawo huo huonekana mwepesi hadi mtu aujaribu, maana humnyang'anya mzazi silaha mbili alizozizoea, ile ya kumlazimisha mtoto amalize na ile ya kumzuia asiongeze, na badala yake humbebesha kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoingia nyumbani kinaliwa na wote bila woga. Kwetu mgawo huo unakutana na sinia. Kula pamoja katika sinia ni neema kubwa, kwa mazungumzo na kwa umoja wake, nami singemshauri mtu aivunje. Bali chakula cha sinia hakina mpaka uonekanao, na msemo wa kwamba baraka imo katika tonge la mwisho humfanya mtoto aliyeshiba ajilazimishe. Yatosha mboga na maharage yakawa mengi sinia hiyo hiyo na wali ukapungua, watu wakala polepole, na mtoto aliyesema ameshiba akaachwa ashibe. Na wale waliolelewa katika mafundisho ya kugawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, hawahitaji mwalimu mgeni wa kuwaambia hilo.

Nguvu ya kubadili nyumba badala ya kumbadili mtoto imepimwa pia. Leonard Epstein na wenziwe wa Pittsburgh walizigawa familia zenye watoto wanene wa miaka 6 hadi 12 katika makundi, katika moja mzazi na mtoto wakashughulikiwa pamoja, katika jingine mtoto peke yake ndiye aliyetuzwa kwa kubadilika. Na walipochapisha matokeo ya miaka kumi baadaye, mwaka 1990, watoto wa kundi la kwanza walikuwa na hali njema kuliko wengine. Moria Golan wa Israeli alikwenda mbele zaidi mwaka 1998, akawafundisha wazazi peke yao bila watoto kuhudhuria darasa lolote, na watoto wao wakapungua zaidi kuliko wale waliofundishwa wenyewe. Naona hapo ushuhuda mkubwa. Mtoto hakuitwa mgonjwa, hakuwekwa mbele ya mizani, hakupewa somo. Mama na baba walibadili mambo sokoni, jikoni na mezani, na mwili wake ukafuata.

Katika kuibadili nyumba, kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kumshawishi bibi. Bibi aliyewalea watoto katika miaka ya uhaba humlisha mjukuu kwa mapenzi yasiyo na hesabu, na mama kijana amwambiaye aache huonekana anamfundisha kulea. Naamini kwamba njia ya mama huyo kufaulu ni kumpa bibi jambo la kutoa badala ya kumnyang'anya alilonalo: awe yeye mpikaji wa uji wa ulezi usiotiwa sukari nyingi, mmenyaji wa machungwa na mwenye ndizi mbivu za saa kumi, msimulizi wa hadithi baada ya chajio, na mwenye kumwita mjukuu waende pamoja dukani kwa miguu. Baba naye asijitoe kwa kudai kuwa chakula ni kazi ya wanawake. Ni yeye aghalabu aletaye chipsi za usiku, na ni yeye ambaye mwana wa kiume humwiga.

Ramadhani yataka neno lake. Mwezi ambao mtu angetaraji upunguze mwili huuongeza kwa wengi, kwa kuwa futari hurundikwa kaimati, vitumbua, sambusa, tambi na maji matamu kwa wakati mmoja, kisha daku ikaliwa na mtu akalala. Si lazima vitu hivyo vikatazwe. Vyatosha vikipokezana, leo kimoja na kesho kingine, na tende na maji vikitangulia, supu na muhogo wa kuchemsha vikifuata.

Juu ya mazoezi sitasema mengi, kwa kuwa yanasemwa kila mahali. Saa moja kwa siku ya kuchangamsha mwili ndiyo ishauriwayo kwa walio kati ya miaka 5 na 17, na faida yake kwa moyo, mifupa, usingizi na furaha ni kubwa hata uzito usiposhuka. Wala isigeuzwe kuwa adhabu, mtoto mnene akakimbizwa uwanjani huku ndugu zake wakitazama. Usingizi nao ni sehemu ya tiba: mwanafunzi wa msingi ahitaji saa 9 hadi 12 na kijana saa 8 hadi 10, na simu iliyolala kitandani pamoja naye humwibia. Lakini jambo moja halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba wasichana wetu, wakishabalehe, huondolewa uwanjani. Kaka zao huendelea na chandimu mpaka giza, wao huambiwa wakae ndani, kisha tunashangaa miili yao inapoongezeka. Sitara na mwendo havipingani. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwafunika mwili, na ingawa kusudi lake lilikuwa kuwaokoa watu na kufa maji, umeonesha kwamba lililodhaniwa kuwa muhali lilikuwa ni suala la vazi na mwalimu wa kike.

Kijana wa miaka kumi na tano hatosheki kwa kubadilishiwa nyumba kimya kimya. Ana fedha zake, marafiki zake na akili yake, na anastahili kusemeshwa. Asianziwe mazungumzo hayo mezani, wala mbele ya wageni, wala siku ya kununua nguo. Mzazi amuulize kwanza anajisikiaje, shuleni wanamwitaje, kuna jambo lolote analotamani abadilishe na angependa asaidiwe vipi, kisha asikilize jibu hadi mwisho wake. Na jibu likiwa ni kwamba hataki kulizungumza jambo hilo, liachwe kwa siku hiyo. Mnunulieni nguo zinazomkaa vyema katika mwili alionao leo, kwani nguo ya kubana iliyonunuliwa kwa matumaini ya kupungua humkumbusha kushindwa kila aivaapo. Na matarajio yawekwe bayana. Mtoto wa miaka minane ambaye uzito wake umesimama kwa mwaka mzima huku akirefuka amefaulu kabisa, wala hakupaswa kupungua hata kilo moja. Kijana aliyekwisha kurefuka huenda akahitaji kupungua, lakini polepole, chini ya uangalizi. Chama cha matabibu wa watoto wa Marekani, mwaka 2023, kilikubali dawa zitolewe kwa waliofikia miaka 12 wenye kiribatumbo, na upasuaji ufikiriwe tangu miaka 13 kwa wale waliozidiwa sana. Nami nadhani yapo maisha yatakayookolewa hivyo, bali dawa hizo ni za kuandikiwa na tabibu anayemfuatilia mtoto pamoja na nyumba yake, si za kuagizwa kwa simu.

Wazazi wenyewe, hata wakifanya haya yote, wanashindana na nguvu zilizo nje ya kuta zao. Mexico iliweka kodi juu ya vinywaji vya sukari mwaka 2014, Afrika Kusini ikafuata mwaka 2018, na Chile tangu mwaka 2016 imelazimisha alama nyeusi za onyo katika vyakula vilivyozidi sukari, chumvi na mafuta, tena ikaviondoa mashuleni. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria ya namna hiyo ndipo tuanze, kwa sababu shule nyingi zina kamati ya wazazi, na kamati hiyo ndiyo inayoweza kuamua nani apewe ruhusa ya kuuza ndani ya ua, kama pipa la maji safi ya kunywa litawekwa penye kivuli, kama ndizi na machungwa vitauzwa kwenye meza ile ile ya kachori, na kama kipindi cha michezo kilichoandikwa katika ratiba kitaachwa kuwa cha michezo au kitaendelea kuazimwa na hesabu kila mtihani ukaribiapo.